Vigingi vya Gaudensia

Siku mliyoniaga pale ofisini Mbinga mlinipa mwavuli. Ni mkubwa, mweusi, una mpini wa mbao, nami niliupokea kwa mikono miwili nikacheka kuliko zawadi yenyewe ilivyostahili. Mlidhani mzee amefurahi. Nilifurahi kweli, lakini kicheko kilikuwa na sababu nyingine: mlikuwa mnampa mwavuli mtu ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini alikuwa akiiogopa mvua. Bwana shamba anayeogopa mvua ni kama mvuvi anayeogopa samaki. Mliniomba pia niandike kidogo kuhusu kazi, ili wanaoanza wapate cha kusoma wakisubiri pikipiki ya ofisi irudi. Basi naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, maana vyangu havikuwa virefu kiasi cha kumchelewesha msomaji.

Mimi ni mtu wa ziwani, mzaliwa wa Kihagara. Kwetu tunalima muhogo na mpunga, tunakula usipa, wale dagaa wa ziwa letu, na Jumapili tunakwenda kanisa la Anglikana. Nilipomaliza chuo cha kilimo nilipangiwa Maguu, huko milimani kwa Wamatengo, ambako sisi watoto wa ziwani tulikuwa tukiambiwa kwamba watu hulala na moto ndani na kula maharage asubuhi, mchana na jioni. Lile la moto ni kweli. La maharage nalo halikuwa mbali na ukweli. Nilishuka kwenye lori la kahawa mwezi wa pili, nimevaa shati jepesi la mikono mifupi, nina sanduku la bati na buti mpya za mpira zilizonichubua vidole vyote kabla sijafika kwa mwenyekiti wa kijiji.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Otmar, mkulima wa kahawa, mfupi, mwenye koti lililoonekana limezaliwa naye.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye bwana shamba? Mimi nilidhani wametuletea mwanafunzi." Akaniangalia miguuni. "Vua hizo buti, mwanangu. Hapa mlima unapandwa kwa vidole."

Siku hiyohiyo alinipeleka kuona ngoro. Ninyi mnazijua, lakini naandika pia kwa ajili ya wanaotoka mikoa ya tambarare. Mlima mzima ulikuwa mashimo, mstari juu ya mstari, kama sega la nyuki. Mwezi wa tatu wanaume hukata nyasi kwa nyengo, lile panga lililopinda ncha, huziacha zikauke, kisha huzilaza juu ya ardhi kwa miraba. Wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuufukia juu ya nyasi, wakapanda maharage kwenye kingo hizo, na baadaye mahindi. Mvua ikinyesha, maji hubaki shimoni na mlima haushuki.

"Kila shimo linabeba maji yake," Mzee Otmar alinieleza. "Halimwagii la chini."

Niliandika kwenye daftari: *mbinu ya jadi, inachosha wanawake, ibadilishwe.* Daftari hilo ninalo mpaka leo. Chuoni tulikuwa tumefundishwa matuta marefu yanayozunguka mlima, yaliyopigwa kwa kipimo, yaliyonyooka kama reli. Mzee Otmar alisikiliza maelezo yangu yote, kisha akauliza kama kwenye hicho chuo chetu kulikuwa na mlima. Hakikuwa na mlima, lakini sikuona umuhimu wa swali hilo.

Aliyenielewa alikuwa Mama Gaudensia. Wakati huo alikuwa na miaka kama thelathini, mke wa Benno, amemaliza darasa la saba na alisoma kila kipeperushi nilichokuja nacho, hata kile cha ufugaji wa samaki. Siku moja alinifuata uwanja wa kanisa lao la Katoliki baada ya Misa.

"Bwana Shamba, hayo matuta yako yatanipunguzia kuchimba?"

"Yatapunguza nusu nzima, mama."

"Basi mimi nipo. Mgongo huu si wa kuazima."

Benno alisitasita, kwa sababu chini ya shamba lao kulikuwa na kahawa ya mama yake, iliyopandwa na marehemu mumewe, na jiko la bibi huyo lilikuwa hapohapo. Gaudensia alimbembeleza mpaka akakubali. Shamba lake likawa shamba langu la mfano.

Sasa sikilizeni kuhusu kipimo, maana kila kitu kimeanzia hapo. Siku hizi mna simu zinazopima mteremko. Sisi tulikuwa na miti mitatu iliyofungwa kwa umbo la herufi A, kamba ikining'inia kutoka juu na jiwe mwisho wake. Kamba ikipita kwenye alama iliyo katikati ya mti wa kulala, miguu miwili ipo sawa, unapiga kigingi. Lakini kabla ya yote, kipimo chenyewe hupimwa. Unakisimamisha, unaweka alama kamba inapopita, unakigeuza mguu wa kulia uwe wa kushoto, unaweka alama ya pili, na katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Ni kazi ya dakika tano. Asubuhi ya kupima kwa Gaudensia niliambiwa wakubwa kutoka wilayani watakuja Ijumaa, nami nilitaka vigingi viwe vimesimama. Sikukigeuza kipimo. Alama niliiweka kwa jicho.

Gaudensia na majirani zake walifukia ngoro zote na kuinua matuta kwa kufuata vigingi vyangu. Wakubwa walikuja, wakasifu, wakanywa chai. Mimi nilisimama katikati ya shamba kama bwana harusi.

Wiki tatu baadaye mvua kubwa ilianza saa sita mchana. Nilikuwa ng'ambo ya bonde, nimejibanza kwenye ghala, na niliona yote. Maji kwenye tuta la juu hayakutulia kama yalivyopaswa. Yalitembea kuelekea upande mmoja, yakajaa mwisho wa tuta, likapasuka. Tuta la pili likapokea maji ya mawili, la tatu ya matatu, na mlima ukashuka. Udongo ulifunika kahawa ya mama mkwe na kuangusha ukuta wa jiko lake. Hakufa mtu. Alikufa mbuzi mmoja. Tulimshukuru Mungu kwa hilo, mimi kwa sauti kubwa kuliko wote.

Kesho yake, nikiwa peke yangu, nilikisimamisha kile kipimo uani na kukigeuza. Kamba ilipita vidole vinne pembeni ya alama. Nilikiangalia kwa muda, kisha nikakivunja, nikakiweka kwenye mafiga na kuchemshia chai. Chai yenyewe niliinywa.

Mkutano wa kijiji uliitwa wiki ileile. Mama mkwe alikaa mbele, amejifunga kanga kiunoni kama aliye msibani. Ofisa kutoka wilayani aliniuliza kilichotokea, nami nikasikia kinywa changu kikisema:

"Vigingi vilihamishwa. Mkulima hakufuata vipimo."

Gaudensia alisimama. "Mimi sikugusa kigingi hata kimoja. Nawaambia mbele ya Mungu."

Baadhi ya wanaume wakacheka. Mmoja nyuma akasema wanawake waliosoma huona vigingi vimepinda wakavinyoosha. Benno aliinama chini na hakutamka neno. Mzee Otmar aliniangalia, akaniangalia tena, nami nikajifanya naandika.

"Bwana Shamba amesema," akasema hatimaye. "Tufunge mkutano."

Nikayaandika hayohayo kwenye ripoti ya wilaya, na kovu lile la mlima likapata jina. Watu walianza kupaita Kwa Gaudensia. Mtoto akivunja chungu kwa haraka zake, mama yake alimwambia asifanye kazi ya Gaudensia. Yeye mwenyewe alirudia ngoro, akachimba upya kila shimo alilolifukia kwa ushauri wangu. Nilipopita njiani nilimwamkia, naye akaniitikia vizuri, bila neno la ziada na bila neno la kupungua. Afadhali angenitukana.

Miaka mitatu niliyobaki Maguu nilijifunza ngoro kwa Mzee Otmar, na ndiye mwalimu bora niliyewahi kuwa naye. Hakuniuliza kitu. Alinipa nyengo akanionyesha namna ya kulaza nyasi zisipishane, na mraba wangu ukipinda aliuparaza kwa mguu akasema, "Tena." Nyote mliofundishwa ngoro nami mmefundishwa na yeye. Alifariki nikiwa nimeshahama, na sijui kama alijua. Nadhani alijua.

Nilihamishiwa Mbamba Bay, nikakaa huko sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi. Yalikuwa maisha mazuri. Nilihangaika na magonjwa ya muhogo, nikaitisha mikutano ambayo wakulima hawakutokea kwa kuwa siku hiyo ziwa lilikuwa limetulia na wote wamekwenda kuvua, nikamwoa Roda. Ila mvua ikigonga bati nilikuwa naamka na kukaa kitandani, mikono ikitetemeka. Roda alidhani ni malaria ya utotoni. Nilimwacha adhani hivyo.

Msidhani nilikuwa mtu wa mbali na Mungu. Niliimba besi kwenye kwaya, nikawa mzee wa kanisa, nikabeba msalaba mbele ya maandamano. Kila Kwaresima niliungama kwa padre, maana huo ni utaratibu wetu wa tangu enzi za babu zetu. Niliungama hasira, uvivu, hata yai nililoiba nikiwa darasa la tatu. La vigingi nililiruka kila mwaka. Ibada ilipofika mahali pa kupeana amani, niliwashika watu mikono kwa nguvu mpaka wakanitania kwamba nawakamua. Nilikuwa natafuta kile walichonacho. Wao wananiambia amani, mimi naitika amani, halafu narudi nyumbani kama nilivyokuja.

Miaka yangu ya mwisho nilirudishwa Mbinga, na hapo ndipo mlipoingia ninyi. Wengine mtakumbuka semina ile ya hifadhi ya udongo. Kijana mmoja, msichana hodari, sitamtaja, alikuwa anafundisha namna ya kupiga vigingi. Akasema, "Na mwambieni mkulima asiviguse, yasije yakamkuta ya Gaudensia." Wote mkacheka. Huyo msichana hakuwa amezaliwa mlima uliposhuka. Alijifunza mfano huo kwa aliyemtangulia, naye kwa aliyemtangulia, na mwanzo wa mnyororo ni karatasi niliyoiandika mimi.

Nami nilicheka. Hilo ndilo lililonivunja. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu.

Wiki ile niliteremka Mbamba Bay kwa Padre Yeremia, padre wetu wa zamani. Nilimkuta juu ya ngazi anasafisha mfereji wa bati la kanisa. Nikamwambia nataka kuungama.

"Kwaresima bado siku tatu."

"Siwezi kuisubiri, Padre."

Alishuka bila kuuliza tena, akanawa mikono, akavaa shingoni stola yake ya kipadre juu ya shati lenye matope. Nikasema yote: kipimo, jicho, chai, vigingi, kicheko. Nilipomaliza nilikuwa nimelowa jasho. Alinitangazia msamaha wa Mungu kwa maneno yaleyale niliyoyasikia maisha yangu yote, ila safari hii niliyasikia yakinihusu mimi. Kisha akauliza:

"Na jina la huyo mama bado linatumika?"

"Linatumika kila semina."

"Basi kalirudishe. Mungu kwako amemaliza. Hilo jina si lake wala si lako, ni la mama huyo."

"Nikafanye kimyakimya, nyumbani kwake?"

"Ulilichukua kimyakimya?"

Nilikaa kwenye ngazi za kanisa nikalia kama mtoto aliyepotea sokoni akapatikana. Niliona raha na niliona hofu, vyote kwa pamoja. Msiniulize vilikaaje kifua kimoja.

Jumapili ya pili ya Kwaresima nilipanda Maguu. Kwanza nilipitia kwake mapema, kabla ya Misa, kwani haikuwa haki asikie pamoja na watu. Alikuwa anafunga kitambaa kichwani. Nywele zilikuwa zimegeuka nyeupe. Benno alikuwa ameshafariki.

"Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo mama."

"Milele amina. Marahaba. Bwana Shamba? Umezeeka!"

"Mama, vile vigingi hukuvihamisha. Kipimo changu kilikuwa kibovu, nilijua, nikasema uongo. Nimekuja kuomba msamaha, na ukiniruhusu nitasema hivyo kanisani leo."

Aliketi kwenye kigoda. Machozi yakamtoka, hakuyafuta.

"Mimi nilijua," akasema. "Kesho yake nilikwenda kuvihesabu vilivyobaki. Vyote vilikuwa palepale ulipovipiga. Benno naye alivihesabu. Aliniamini, ila mbele ya mama yake hakuweza kusema. Nilikaa na hasira na ninyi wawili miaka mingi, Bwana Shamba. Hasira inachosha kuliko jembe. Siku moja kwenye Misa tukafika mahali pa kusema utusamehe kama tunavyosamehe, nikaona nasema uongo kila Jumapili. Nikamsamehe Benno kwanza, alikuwa karibu. Wewe ukafuata."

"Kwa hiyo ulishanisamehe?"

"Zamani. Lakini hukuja kuuchukua msamaha wako, nami nisingekufuata ziwani." Akasimama. "Kanisani ukaseme. Sema kwa sauti, wazee wa siku hizi hawasikii."

Nilisema wakati wa matangazo, na niliwekwa wa mwisho. Nilisubiri tangazo la mbuzi aliyepotea, sare za kwaya, ndoa tatu na zamu za kufagia. Kisha katekista akasema kuna mgeni, Mwanglikana, ana neno. Nikasimama mbele. Nilisema ni mimi bwana shamba wa zamani. Nilisema mlima ulishuka kwa kosa langu, kwamba Mama Gaudensia hakugusa kigingi hata kimoja, na kwamba niliposema aligusa nilikuwa nasema uongo nikijua ni uongo. Nikaomba yeyote aliyelitumia jina lake vibaya alaumu kinywa changu. Mzee mmoja nyuma akainuka polepole, nikamtambua, ndiye aliyefanya mzaha wa wanawake waliosoma. Alitembea mpaka benchi la Gaudensia akampa mkono. Wakafuata wengine.

Gaudensia aliwapokea wote, kisha akanigeukia mimi niliyesimama kama kigingi.

"Nimesikia," akasema kwa sauti ya watu wote. "Sasa kesho tunalaza nyasi kwangu, na wanaume ni wachache. Nyengo unakumbuka kushika?"

Kanisa zima likacheka, nami nikacheka nao, na safari hii kicheko hakikuniuma popote.

Nilimpigia Roda kwamba nachelewa siku chache. Nilipomweleza kwa nini, akasema, "Kumbe si malaria." Jumatatu nililaza nyasi pamoja na wanawe, miraba yangu ikipinda naiparaza kwa mguu mwenyewe, na Gaudensia na wakwe zake wakafuata nyuma kwa majembe wakichimba na kufukia. Siku ya tatu, mchana, tukiwa nyumbani kwake tunasubiri ugali, mvua ikaanza. Ilianza kwa kishindo juu ya bati, ileile. Nilijishika magoti nikingoja mikono itetemeke. Gaudensia alikuwa mlangoni anaangalia shamba.

"Mashimo yanajaa," akasema. "Yanajaa, hayamwagiki."

Nilitaka kuinuka nikaone. Sikuinuka. Nikamwambia Mungu asante, neno hilo moja tu, na sikumbuki kilichofuata kwa sababu nililala palepale kwenye kiti, mvua ikinyesha kwa nguvu zake zote. Niliamka imekatika, nimefunikwa kitenge, ugali umepoa, na wajukuu wa Gaudensia wanasimuliana jinsi mgeni anavyokoroma.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, vijana wangu. Ya kazi ni machache: geuzeni kipimo, hata kama ni simu, na mkulima akisema hakugusa, mwaminini kwanza. Ile karatasi yangu kwenye jalada la zamani nimeandika masahihisho chini yake na kutia sahihi, mtaiona. Na mkienda Maguu mkauliza njia, mtaelekezwa mpite chini ya kovu la mlima. Watoto wa shule ndio waliolibadilisha jina, wala hawakuniuliza. Siku hizi panaitwa Kwa Bwana Shamba. Msione haya kuuliza sababu, watawaeleza vizuri, na wakikosea, Mama Gaudensia yupo jirani, atawasahihisha.